Jinzi Katika Jumba la Farao

Simulizi ya kweli ya wikiendi: Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Roberto Alagna, mtoto wa wahamiaji kutoka Sicilia aliyezaliwa mwaka 1963 pembezoni mwa Paris, ameimba kwenye migahawa ya piza hadi akashinda mashindano ya Pavarotti mwaka 1988. Mwaka 1992, London, amekutana na Angela Gheorghiu, binti wa dereva wa treni wa Romania. Mwaka 1996 Meya Rudolph Giuliani amewafungisha ndoa New York. Tumewaona Japani wakati Angela alipokataa kuvaa wigi la rangi ya dhahabu, na mkuu wa Metropolitan Opera, Joseph Volpe, akasema wigi litapanda jukwaani, yeye awemo au asiwemo. Sasa ni usiku wa 10 Desemba 2006, katika jumba la La Scala, Milano. Alagna, akiwa kamanda Radamès, ndiyo kwanza amemaliza wimbo wa “Celeste Aida”. Roshani za juu zinamzomea. Ameinua mkono.

SASA ENDELEA...

Hakusema neno. Aliuinua ule mkono kama mtu anayeaga, akageuka, akatoka jukwaani.

Okestra haikusimama. Riccardo Chailly aliendelea kuiongoza kana kwamba hakuna kilichotokea, na muziki ukafika pale ambapo Amneris, binti Farao, huingia akamkuta Radamès peke yake na kuanza kumdadisi ni nani aliyeuteka moyo wake. Mwimbaji wa Amneris usiku ule alikuwa Ildikó Komlósi, kutoka Hungaria. Aliingia kwa zamu yake, sauti tayari kifuani, na mtu wa kumuuliza hayupo.

Msomaji, hapo nikusimamishe kidogo, maana balaa la usiku ule lilikuwa na mizizi.

La Scala imekuwepo tangu mwaka 1778, na kila mwaka msimu wake hufunguliwa tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa mji. Chini hukaa wenye vyeo na vito. Juu kabisa, karibu na dari, kuna roshani za tiketi za bei nafuu, na huko ndiko hukaa wale wanaojua opera noti kwa noti. Wao hupanga foleni kwa saa nyingi, na hawasamehi. Mwaka 1992 walimzomea Luciano Pavarotti mwenyewe, sauti ilipomkwama katika Don Carlo. Kama Pavarotti hakupona, nani atapona? Na aliyeiongoza ile Don Carlo alikuwa Franco Zeffirelli, mtu yuleyule aliyeiweka jukwaani Aida hii ya 2006, akiwa na umri wa miaka 83.

Halafu kuna Aida yenyewe. Verdi aliitunga kwa ajili ya Cairo, ikaonyeshwa huko kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871. Ni kisa cha binti mfalme wa Ethiopia aliyechukuliwa mateka Misri, na kamanda wa Misri anayempenda kwa siri. Ndani yake Verdi alimwekea mwanamume mtego. Katika opera nyingi mwimbaji hupata muda wa kulipasha koo lake joto. Radamès hapewi nafasi hiyo. Pazia likifunguka, dakika chache tu, anatakiwa aimbe wimbo ambao kila mtu ukumbini anaujua, bila kipaza sauti, na kuumalizia kwa noti ya juu sana ambayo Verdi aliandika ipungue na kufifia taratibu. Wengi huipiga kwa nguvu, kwa kuwa kuifanya ififie ni kazi ya wachache. Akikosea, hana mahali pa kujificha. Akipatia, bado ana saa mbili na zaidi mbele yake.

Tarehe 7 Desemba Alagna alikuwa ameumaliza usiku wa ufunguzi salama, mbele ya Waziri Mkuu Romano Prodi na mgeni wake, Kansela Angela Merkel wa Ujerumani. Lakini sifa hazikuwa za wote, naye akalalamika hadharani juu ya watazamaji wa La Scala kabla ya kurudi jukwaani. Roshani za juu zilisikia. Basi tarehe 10 walikuwa wamekaa wakimsubiri.

Turudi jukwaani. Komlósi yuko peke yake mbele ya Wamilano, violini zinakwenda.

Pembeni mwa jukwaa alikuwepo Antonello Palombi, Mwitaliano, mwimbaji wa akiba. Hakuwa amevaa maleba wala hakuwa amejipasha sauti. Alikuwa na nguo zake za kila siku, amevaa jinzi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alisukumwa tu jukwaani. Katikati ya nguzo za Misri ya Zeffirelli, dhahabu kila upande, akatokea kamanda wa Farao aliyevaa jinzi. Akafungua kinywa, akaidaka sauti ya Komlósi pale ilipokuwa, wakaendelea.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi, na kila mara ninayemwonea fahari ni huyu. Magazeti ya dunia yaliandika kuhusu aliyetoka, ilhali aliyeingia ndiye aliyefanya kazi ya msanii. Maleba alipata baadaye, na Aida akaifikisha mwisho.

Usiku huohuo mkurugenzi mkuu, Stéphane Lissner, alipanda jukwaani kueleza masikitiko yake. Zeffirelli alimlaumu Alagna waziwazi. Alagna akajitetea: hakuweza kuimba mbele ya ukumbi wenye uadui, na sukari mwilini ilikuwa imemshuka. Alikuwa tayari kurudi kwa maonyesho yaliyobaki. La Scala ikakataa, ikasema mwenye kuondoka katikati ya onyesho ameuvunja mkataba kwa miguu yake. Mawakili wakaanza kutajwa.

Nani mwenye haki? Kumzomea mtu aliyetoka kuimba wimbo mgumu kama ule, huku usiku mzima ukiwa bado unamsubiri, ni ukatili, na nitalisema hilo popote. Anayelipia tiketi hanunui ruhusa ya kumvunja mtu. Hata hivyo Alagna hakuwakomoa waliomzomea; wale waliondoka na kisa cha kusimulia maisha yao yote. Aliyeachwa kwenye mataa alikuwa Komlósi, mwenzake, ambaye hakuwa amemkosea lolote. Kwa hilo namhukumu.

Wengi walidhani ndoa maarufu kuliko zote katika opera ingetulia baada ya dhoruba hiyo, mume akiuguza jeraha na mke akiimba. Haikuwa hivyo.

Septemba 2007 zamu ilikuwa ya Angela. Lyric Opera ya Chicago ilikuwa ikimsubiri kwa La bohème, opera ileile iliyowakutanisha London. Mazoezi yakaanza. Leo hayupo, kesho hayupo. Kati ya mazoezi kumi alikosa sita, na mkurugenzi mkuu, William Mason, akamfuta kazi kabla ya pazia kufunguliwa. Angela alikuwa New York, kwa mume wake.

Oktoba ikaingia. Hukohuko New York, Metropolitan Opera ikajikuta inahitaji kwa haraka mtu wa kushika nafasi ya mwimbaji aliyekosekana. Opera yenyewe ni Aida. Nafasi yenyewe ni Radamès. Na mwimbaji aliyekuwa karibu, mwenye kuijua kazi hiyo yote tangu noti ya kwanza, ni Roberto Alagna, ambaye mara ya mwisho alipoimba “Celeste Aida” La Scala alitoka jukwaani kwa zomeazomea.

Je, atakubali kuwa yeye sasa ndiye mtu wa akiba? Na New York itampokeaje? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo.