Mfini aliyeifunza kompyuta kitenzi chetu

Majuzi nikiwa nyumbani Birongo, mjukuu wangu aliiamkia simu kwa Ekegusii: "Bwakire buya!" Simu ikababaika. Alipoisemesha kwa Kiswahili, ikajibu vizuri tu. "Babu, hii simu ilifunzwa Kiswahili na nani?"

Walioifunza ni wengi. Miongoni mwa waliotangulia ni Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Yeye alianza na watu: tasnifu yake ya 1984 ilihusu Waparakuyo, wafugaji wa Tanzania. Mwaka uliofuata akaanza safari ya kuipa kompyuta Kiswahili.

Kigingi kilikuwa kitenzi. Chukua "hawatakupikia". Ni neno moja, lakini ndani mna ukanushi (ha-), watenda (-wa-), wakati ujao (-ta-), mtendewa (-ku-), mzizi (-pik-), kauli ya kutendea (-i-) na kiishio (-a). Badilisha kiambishi kimoja, unapata neno jingine. Mzizi mmoja huzaa maelfu ya maumbo. Kamusi gani itayaorodhesha yote?

Jawabu lilikuwa papo hapo Helsinki. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alikuwa amebuni mbinu ya kuieleza kompyuta kanuni za maumbo ya maneno, kwa sababu Kifini nacho hurundika viambishi. Hurskainen aliichukua mbinu hiyo, akaandika kanuni za Kiswahili, na 1992 akachapisha maelezo yake. Kazi hiyo ikakua ikawa SALAMA, mfumo wa kuchanganua na kutafsiri Kiswahili. Mwaka 2004 ikafuata kopasi ya Helsinki, hazina ya matini yenye maneno yapatayo milioni 12.5.

Akili unde ya leo hujifunza kwa kusoma marundo ya maandishi. Hapo ndipo Ekegusii kinapokwama, maana maandishi yetu ni haba. Lakini kanuni hazingoji marundo. Zinamngoja mtu anayeijua lugha, mwenye subira ya kuziandika.

Tusisingizie uchache wetu pia. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii milioni 2.7, Wafini wenyewe hawafiki milioni 6, na mbinu iliyotufaa Waswahili waliibuni kwa ajili ya lugha yao.

Nilipomweleza mjukuu haya, akauliza: "Na wa Ekegusii ni nani?" Nikanyamaza. Nimesimamia tasnifu nyingi za Kiswahili. Ya kuifunza kompyuta Ekegusii, hata moja. Wanafunzi wangu mnaosoma safu hii, mlango wa ofisi uko wazi.