Kukata bima bila karatasi

Trafiki akisimamisha gari, zamani macho yake yalikwenda kwanza kwenye kioo cha mbele: stika ipo, haipo, inaisha lini. Siku hizi Tanzania anaweza kuingiza namba ya gari kwenye simu, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ukamjibu. Kenya nayo ina cheti cha kidijitali.

Lakini sikiliza vijiweni: "Nimekata bima jana." Kakata nini? Tunakata tiketi, tunakata risiti, tunakata leseni. Nadhani ni kwa sababu vyote vilichanwa kitabuni, mnunuzi akapewa kipande, kishina kikabaki kwa karani. Karatasi imeondoka, kitenzi kimebaki, wala sioni sababu ya kukifukuza. "Kupakua bima" ni la watu wa ofisini, mdomoni halikai.

Neno bima lenyewe tulilipata kwa Wahindi, likazoeleka, hata mtaani likazaa mapacha: bima kubwa, na bima ndogo inayomlipa uliyemgonga huku gari lako likibaki na bonde lake.

Aliye mashakani ni stika. Huyu alitoka kwa Waingereza, na kazi yake ilikuwa moja tu, kubandikwa. Juzi wakala kaniambia, "Mzee, stika yako nimekurushia WhatsApp." Nikaipokea. Imelala katikati ya picha za wajukuu, haijabandikwa popote, na wakala bado anaiita stika. Nami pia.