Neno "Chaguomsingi" na Mlango Ulioachwa Wazi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili kwa njia ya vioo vya simu, ni chache zilizoenea upesi kama "chaguomsingi". Mtu akifungua sehemu ya mipangilio katika simu iliyowekewa Kiswahili hulikuta hapo. Liliundwa lisimame mahali pa neno la Kiingereza "default", na kwa watumiaji wengi limetosha. Sisi hatuna ugomvi na umbo lake, kwani ni neno ambatano lililofuata kanuni na linatamkika vizuri. Ugomvi wetu ni juu ya maana. Neno hili ladai kwamba yupo aliyechagua, ilhali historia ya jambo lenyewe yaonyesha kwamba aghalabu hakuna aliyechagua. Tutaifuata historia hiyo katika sehemu moja tu, yaani usalama wa mawasiliano ya mtandao katika programu za simu, kwa kuwa hapo kosa la maana laweza kumgharimu mtu nywila yake na akiba yake.

Tuanze na asili. Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya upungufu au kukosekana. Mahakamani lilitumika kwa mtu aliyeitwa asifike. Katika biashara, kwa mdaiwa ambaye siku ya kulipa ilipita naye hakulipa. Wahandisi wa kompyuta walipolichukua hawakwenda mbali na maana ya mahakama: mwenye kuamua hakuitika, mashine ikaendelea bila yeye. Katika ukoo wote huu wa maana, kuchagua hakutajwi.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala mashuhuri juu ya kulinda habari zilizomo ndani ya kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizozitaja ipo isemayo kwamba ruhusa itolewe kwa tamko, na pasipo tamko jibu liwe ni kukataa. Wenyewe walieleza kuwa wazo hilo lilipendekezwa na E. Glaser mwaka 1965. Sababu yake haimpi tabu yeyote aliyewahi kusimamia ghala. Mlinzi aliyeagizwa kukataa akikosea, atamzuia mwenye haki, naye mwenye haki atalalamika na kosa litajulikana siku ile ile. Mlinzi aliyeagizwa kuruhusu akikosea, mwizi hatalalamika.

Wavuti ulijengwa kinyume cha kanuni hiyo. Utaratibu wa HTTP, uliozaliwa pamoja na wavuti mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupeleka maneno yakiwa wazi kama kadi ya posta: kila aishikaye njiani aweza kuisoma, na akipenda aweza kuongeza maneno yake. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilitoa utaratibu wa kuitia kadi hiyo ndani ya bahasha, ambao toleo lake la mwaka 1999 liliitwa TLS. Lakini bahasha ilikuwa ya kuombwa, na cheti chake kwa kawaida kilikuwa cha kununua. Asiyesema neno alipeleka kadi.

Simu zilizidisha hatari. Katika kivinjari msomaji aweza walau kutazama alama ya kufuli. Ndani ya programu ya simu hana alama ya kutazama. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, Ujerumani, walichunguza programu 13,500 za bure za Android, wakakuta 1,074 kati yake zina maagizo ya usimbaji yaliyoandikwa kwa namna inayoweza kumpa mtu wa kati nafasi ya kupenya. Hizo, tuangalie, ni programu zilizokuwa na bahasha; iliyofungwa vibaya, lakini bahasha.

Hatimaye wenye mifumo waligeuza jambo. Mwezi Septemba 1995 hadi 2015 ni miaka ishirini. Na ni Septemba 2015 ambapo toleo la 9 la mfumo wa iPhone lilianza kukataa mawasiliano ya wazi kwa programu zilizojengwa kwa ajili yake, isipokuwa pale mtengenezaji alipotamka vinginevyo. Android ilikwenda kwa hatua. Toleo la 6 la mwaka 2015 lilimpa mtengenezaji mahali pa kutamka kama anataka mawasiliano ya wazi au la. La 7 la mwaka 2016 likampa faili zima la kuandikia masharti ya usalama. La 9, mwezi Agosti 2018, likafanya kukataa kuwa ndilo jibu la pasipo tamko. Hata hivyo programu zilizokuwa zimejengwa kwa kulenga matoleo ya nyuma ziliachwa kama zilivyokuwa. Apple nayo ilitangaza mwezi Juni 2016 kwamba mwisho wa mwaka huo programu zote zitabanwa na sharti lake, kisha mwezi Desemba ikasogeza tarehe bila kutaja nyingine. Kugeuza jibu la kimya, basi, si kazi ya siku moja, kwani kuna wengi waliojenga nyumba juu ya kimya hicho.

Hapa ndipo viunzi vinapoingia. Kiunzi ni mifupa ya programu ambayo fundi hupewa ikiwa tayari, naye akaongeza nyama. Anayetoa kiunzi huamua kwa niaba ya maelfu ya watu asiowajua. React Native ya kampuni ya Facebook ilitolewa kwa iPhone mwezi Machi 2015. Fundi anapoitumia kazini, programu iliyo ndani ya simu huchota maagizo yake kutoka kompyuta ya fundi mwenyewe, kwa HTTP ya wazi, katika mlango nambari 8081. Katazo jipya la iPhone lingeukata uzi huo. Kwa hiyo kiolezo cha mradi mpya kilitiwa ruhusa maalumu kwa kompyuta ya fundi, na mwongozo ukamwagiza fundi aondoe ruhusa hiyo kabla ya kuitoa programu kwa umma. Kwa upande wa Android, baada ya toleo la 9, ruhusa ya namna hiyo iliwekwa katika faili la majaribio pekee, ambalo haliingii katika programu inayotolewa.

Tofauti ya njia hizi mbili si ndogo. Ya kwanza yategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka, usiku wa kuamkia siku ya kutoa kazi yake. Ya pili hufa yenyewe karakana inapofungwa. Twaipendelea ya pili, na twaongeza kwamba fundi aliyebanwa na muda hupanua tundu: badala ya kuruhusu jina moja, kwa mstari mmoja huruhusu dunia nzima.

Flutter ya Google yatoa mfano mwingine. Lugha yake ya Dart hufungua njia za mtandao yenyewe bila kupitia maktaba za simu, hivyo katazo la simu haliifikii. Watengenezaji wake waliandaa badiliko la kukataa HTTP ya wazi pasipo tamko, wakalihesabu katika toleo la 2.0 la Machi 2021, baadaye likatenguliwa. Mtumiaji wa programu hakuulizwa mara ya kwanza wala ya pili. Kumwambia kwamba hilo ni "chaguo" ni kumbebesha mzigo wa mtu mwingine.

Twapendekeza neno ambalo ofisi zetu zimelizoea: kaimu. Mwenye cheo asipokuwapo, kaimu hutia sahihi. Akifika, kaimu hukaa kando. Ndivyo ifanyavyo thamani hii ndani ya programu. Tungekuwa na "thamani-kaimu", "mpangilio-kaimu" na "jibu-kaimu", na sentensi kama "jibu-kaimu la mfumo huu ni kukataa" ingemfanya msomaji aulize mara moja: nani aliyemweka kaimu huyo, na mwenyewe yuko wapi? Wapo watakaosema kwamba kaimu ni mtu, si kitu. Lakini meza ina miguu na sindano ina tundu liitwalo jicho, na hakuna aliyelalamika. Twajua pia kwamba wapo makaimu waliokaa ofisini miaka mingi bila kuthibitishwa. Katika programu za simu wamejaa.