Kutoka Sanduku la Kufuli Tatu Hadi Simu ya Mkononi

Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Hapa tunaeleza jambo moja lililokaribia kutugawa: simu.

Tulianza mwaka 2015 hapa Peramiho na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo walishika akina mama watatu, na hela ilihesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Hata mama asiyejua kusoma aliona kwa macho yake. Kutuma hela kwa simu kulikuwapo nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, ila wengi wetu tulipokea tu za watoto walioko mjini.

Mwaka 2019 ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mama zetu wengine vidole vimelika kwa jembe, mashine haikuvisoma. Wakaishia kutumia laini zenye majina ya wajukuu.

Mwaka 2022 sisi viongozi tukaamua hisa zilipwe kwa simu, kuepuka wezi. Vijana walifurahi. Wazee walinyamaza, nasi tukadhani wamekubali. Mama mmoja akampa mtu namba yake ya siri amsaidie. Hela yake ya mahindi ikaisha kidogo kidogo. Mwingine akapata ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma kweli, akidhani ni mweka hazina. Wanne wakaacha kuja. Kosa lilikuwa letu, tunakiri.

Aliyetuamsha ni bibi mmoja mwanachama. Alisema mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wao hawakuambiwa wasomewe barua na watoto. Waliitwa ngumbaru, wakafundishwa kusoma wenyewe. "Sasa mbona simu mnatushikia nyinyi?" Hatukuwa na jibu.

Basi tukaanzisha ngumbaru ya simu, nusu saa kabla ya kikao. Tunafundishana mambo matatu. Namba ya siri haitajwi, hata kwa mjukuu. Ujumbe wa hela hauaminiwi mpaka uangalie salio. Na kabla ya kutuma, jina linalotokea lisomwe kwa sauti. Sanduku nalo limerudi mezani. Anayetaka kulipa taslimu analipa. Kati ya wale wanne, watatu wamerudi. Wa nne bado tunamfuata nyumbani.

Kazi haijaisha. Simu za intaneti kwetu ni chache, na bando ni hela. Lakini ombi letu kwa vijana halina gharama: ukimsaidia mama yako, usimnyang'anye simu mkononi. Mwache abonyeze mwenyewe, hata akikawia.

Elimu haina mwisho.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote