Mbuzi kizimbani

Kuna mshtakiwa mmoja hapa Kenya ambaye kesi yake imechukua karibu miaka mia moja. Hana wakili, hajaapishwa, na kila anapofungua mdomo husemwa kwamba anakula ushahidi. Mshtakiwa huyo ni mbuzi. Wametajwa pamoja naye ndugu yake kondoo na binamu yao ng'ombe, lakini mbuzi ndiye aliyebebeshwa mzigo mzito zaidi: kwamba yeye ndiye anayeifanya nchi kuwa jangwa na kuwaacha wenyewe katika umaskini. Juma hili, wasikilizaji na wasomaji wapenzi, nimeona tulifungue jalada lake na tulisome tangu ukurasa wa kwanza.

Huenda wewe unayenunua gazeti hili mjini ukauliza, mimi na mbuzi wapi na wapi? Hebu pita Kiamaiko, jijini Nairobi, alfajiri moja, uone malori yanavyoshusha mbuzi. Wengi wao wametoka Isiolo, Samburu, Marsabit na kwingineko kaskazini. Nyama choma unayoagiza Jumamosi na wenzako ilianza safari yake chini ya mgunga, katika ile sehemu kavu na nusu kavu ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya nchi yetu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu mbuzi zaidi ya milioni 27 na kondoo milioni 17. Hao si wanyama wa pembeni. Ndio benki, duka na hospitali ya mamilioni ya Wakenya.

Mashtaka yalianzia wapi? Tuanze Baringo, maana huko ndiko mkoloni alikoandika mengi. Baringo haikuwa siku zote mahali pa kupelekewa chakula cha msaada. Katika karne ya 19 Wailchamus, waliolima kwa kumwagilia maji ya mito karibu na ziwa, waliuzia nafaka misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani. Msafiri Joseph Thomson alifika kwao mwaka 1883, na alikuta soko la chakula, si njaa. Majirani zao Watugen walichunga mbuzi na ng'ombe vilimani na mabondeni, wakihama kulingana na mvua. Kiangazi kilipokaza, mifugo ilipandishwa nyanda za juu kwenye majani mabichi. Mvua iliponyesha, ilirudi chini.

Kisha ukaja mpaka. Mapema katika karne ya 20 ardhi nyingi ya nyanda za juu inayopakana na Baringo, upande wa Laikipia na Ravine, iligawiwa walowezi wa Kizungu. Mlango wa malisho ya kiangazi ukafungwa. Miaka ya 1920 na 1930 ikaja na ukame na nzige, na mifugo iliyobanwa bondeni ikala mpaka mizizi. Udongo ukabaki uchi, mvua ikausomba, makorongo yakafunguka. Maafisa wakafika, wakayatazama makorongo, wakaandika ripoti: mifugo imezidi. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko ya ardhi, na hoja ya wingi wa mifugo ikazidi kupata nguvu. Ni kweli mifugo ilikuwa imebanana. Lakini swali la nani aliyeibana halikupewa uzito uleule.

Kutoka kwenye ripoti, serikali ilihamia kwenye vitendo. Mwaka 1938 ilianza kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu. Walengwa wakubwa walikuwa ng'ombe, ambao walipelekwa mnadani na kuuzwa kwa bei duni, huku kiwanda kipya cha nyama kikiwa kimejengwa Athi River na kikihitaji wanyama wa bei nafuu. Wakamba hawakukubali. Mwezi wa Julai mwaka huo wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu walitoka Machakos kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza kamba na kuacha kuuza mifugo kwa nguvu. Huo ulikuwa ushindi wa watu waliojua kwamba mfugo ukiondoka hivi hivi, hakuna kinachobaki nyumbani ila deni.

Mbuzi naye aliitwa kwa jina lake. Mwaka 1945 Colin Maher, afisa wa kuhifadhi udongo nchini Kenya, alichapisha makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, na kichwa chake kiliuliza iwapo mbuzi ni rafiki au adui. Angalau yeye aliweka alama ya kuuliza. Wengi waliomfuata waliiondoa.

Tena tusidhani kwamba hukumu hizi zilitolewa na wakoloni peke yao. Jirani zetu Tanzania, wakiwa huru, walianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote, mbuzi wakiwemo, iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika kwa mmomonyoko. Lazima tuseme ukweli: nyasi zilirudi, miti ikaota, makorongo yakaanza kupona. Anayesema mbuzi hana kosa lolote popote anatetea kwa ushabiki. Lakini tuulize pia nani alilipa gharama. Familia zilipeleka mifugo kwa jamaa wa mbali au zikauza, na maziwa na samadi vikaondoka nayo. Ilichukua hadi mwaka 1989 ndipo wakulima wakaruhusiwa kuanza kufuga tena ndani ya eneo hilo, kwa kulishia wanyama zizini. Ardhi ilipona, naam, lakini kwa miaka 10 aliyekuwa na kidogo aliambiwa asubiri.

Hayo ndiyo mashtaka. Sasa tusikie utetezi.

Kwanza, mbuzi hali kama ng'ombe. Ng'ombe anategemea majani ya chini, na jua likiyakausha amekwisha. Mbuzi huinua miguu ya mbele akachuma majani ya vichaka na kuokota maganda ya mgunga. Waturkana wanaokaa kando ya mito ya Turkana wamekuwa na haki za kifamilia juu ya miti hiyo ya mtoni, na maganda yake huhifadhiwa kwa ajili ya siku ngumu. Hapo mti si adui wa mbuzi. Ni ghala lake, na mwenye ghala hulilinda.

Pili, mbuzi huzaa haraka. Mimba yake ni miezi 5, ya ng'ombe ni 9. Mbuzi jike aliyezaliwa leo anaweza kuwa na mtoto wake mwenyewe kabla ya miaka miwili kutimia, na mara nyingine huzaa pacha. Mtamba wa nchi kavu huenda ukamngoja miaka 4. Kwa familia iliyotoka kwenye ukame mikono mitupu, tofauti hiyo si ya kitabuni. Ndiyo tofauti ya mtoto kurudi shuleni mwaka ujao au kutorudi kabisa.

Tatu, ng'ombe ni noti kubwa, mbuzi ni chenji. Mtoto akiugua usiku, huwezi kuuza mguu mmoja wa ng'ombe. Unauza mbuzi mmoja, unalipa dawa, na zizi linabaki na wengine. Na katika jamii nyingi za wafugaji, mama ambaye hana sauti juu ya ng'ombe ana kauli juu ya mbuzi anayemkamua kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana wazee wa nchi kavu waliwaona mbuzi kama ngazi. Sotoka ilipofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, wengi walianza upya kwa wanyama wadogo, wakabadilishana polepole hadi ng'ombe wakarudi.

Ushahidi mkubwa, hata hivyo, uko karibu zaidi na sisi. Kati ya 1979 na 1981 Turkana ilipatwa na balaa lililoitwa Lopiar. Ukame, homa ya mapafu ya mbuzi na uvamizi wa mifugo vilikuja pamoja. Ni wakati huohuo, baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, ambapo ghala la silaha la Moroto nchini Uganda liliporwa na bunduki zikatapakaa mpakani. Makumi ya maelfu ya watu waliishia kwenye kambi za kugawiwa chakula. Wengine waliingizwa katika miradi ya kilimo cha umwagiliaji na uvuvi, iliyogharimu fedha nyingi na kusuasua.

Ndipo katikati ya miaka ya 1980 shirika la Oxfam likajaribu njia nyingine huko Turkana, Samburu na Isiolo. Badala ya kumlisha mfugaji aliyefilisika mwaka nenda mwaka rudi, lilimrudishia mifugo. Angalieni vizuri lilivyofanya. Familia haikupewa mbuzi mmoja wa kupigiwa picha. Ilipewa mbuzi na kondoo kwa makumi, punda wa kubeba mizigo, na chakula cha miezi kadhaa ili isilazimike kuchinja kabla zizi halijakua. Si wote waliofanikiwa. Lakini waliotoka kambini na kurudi malishoni walitoka kwa miguu yao, wakiwa na mali yao, wala si kwa foleni ya mahindi.

Nimesoma habari redioni kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila ukame unapokuja taarifa hufanana kama pacha. Mizoga barabarani, viongozi wenye kofia, magunia, halafu kimya. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 hapa Kenya hadi ulipokatika mwaka 2023. Baadaye husikika habari za familia kupewa mbuzi wawili au watatu. Wahenga walisema kuku wa maskini hazai, nao hawakuwa na maana kwamba kuku ni tasa. Walijua kwamba mwenye mmoja hulazimika kumla kabla hajaanza kutaga. Mbuzi wawili kwa familia ya watu wanane ni kitoweo kilichoahirishwa.

Kuna ukurasa mwingine katika jalada hili ambao haupaswi kusahaulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipandwa Baringo kwa nia njema, ili kuleta kuni na kuzuia udongo usipeperushwe. Mti ukaenea ukavamia malisho na mashamba, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa huko waliishtaki serikali Nairobi, na katika ushahidi wao walimleta mbuzi kibogoyo. Wengi walicheka. Mimi naona siku ile historia iligeuka: mnyama aliyeshtakiwa kwa kuharibu mazingira alikuja mahakamani kama mlalamikaji, akionyesha kinywa chake kuwa madhara mengine yaliletwa na wale waliokuja kumwokoa.

Basi hukumu iweje? Mimi si hakimu, ila jalada linasema wazi. Mbuzi aliyefungiwa mahali pamoja ataharibu, kama vile watu mia waliofungiwa chumba kimoja watakavyoharibu. Mbuzi mwenye nafasi ya kuhama, mwenye kinga na soko, huinua nyumba ya maskini. Nafasi maana yake ni njia za malisho zisizozibwa kwa ua wa tajiri aliyetoka mjini, na tunayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inayongoja kutekelezwa kikamilifu. Kinga maana yake ni chanjo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipoingia Turkana mwaka 2006, ilipitia wilaya moja hadi nyingine kabla chanjo haijaifikia, wakati sotoka ya ng'ombe imekwisha kabisa duniani tangu 2011. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa wa kuimaliza na hii ya mbuzi. Soko maana yake ni kwamba barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale isimnufaishe mwenye lori peke yake, bali na yule mama aliyeleta mbuzi wanne mnadani na kuondoka bila kujua bei ya Kiamaiko.

Na fedha za umma zinazotengwa kwa ajili ya kurudisha mifugo ziulizwe swali moja dogo: mbuzi wangapi kwa kila nyumba, na chakula cha miezi mingapi? Jibu likiwa wawili na hakuna, tujue kwamba tunanunua picha.

Tunapenda kusema kwamba kumshauri asiyesikia ni kumpigia mbuzi gitaa. Katika jambo hili, miaka karibu mia moja sasa, mbuzi ndiye anayelipiga gitaa. Asiyesikia ni nani?

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.