Asili ya Jina Johnson na Safari Yake Hadi Nyasa

Wanafunzi wa zamani wenzangu, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, katika daftari la mahudhurio hapa Mapera, kama kwingineko Mbinga, hamtakosa Komba, Ndunguru, Kapinga, Nchimbi na Mapunda. Hayo ni majina ya koo. Kando yake mtakuta Johnson, Jackson, Wilson na Nelson. Wengi huyabeba haya ya pili bila kujua kwamba yote manne yana mkia mmoja, "son", maana yake "mwana wa". Hapa tutalifuata moja tu, Johnson.

Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja. Katika kijiji kidogo lilitosha. Baadaye majina machache ya ubatizo yalienea mno, na John, yaani Yohana, likawa miongoni mwa yaliyopendwa kuliko yote. Wanaume kumi wenye jina moja hawatofautishwi bila nyongeza. Basi mmoja akatambuliwa kwa kazi yake, kama Smith, mhunzi. Mwingine kwa mahali alipokaa, kama Hill, kilimani. Na mwingine kwa baba yake. Huyo ndiye Johnson, mwana wa John. Jones, jina lililojaa Wales, nalo limetokana na John huyo huyo.

Mwanzoni jina hilo halikurithiwa. Johnson akiitwa Robert, mwanawe aliweza kuitwa Robertson. Kilichobadili mambo ni kalamu ya karani. Hati za ardhi zilitaka jina lisilobadilika. Kodi ya kichwa ilitozwa mwaka 1377, 1379 na 1381, na watu wakaorodheshwa. Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry wa Nane iliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Jina lililoandikwa likashikamana na mtu, likapita kwa mwana, mjukuu na kitukuu, hata kama katika nyumba ile hapakuwa tena na John yeyote. Leo Johnson ni jina la ukoo la pili kwa wingi nchini Marekani, nyuma ya Smith, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2010. Wamo humo wahamiaji wa Uswidi waliogeuza Johansson kuwa Johnson, na wazao wa Waafrika waliouzwa utumwani.

Jina hili lilifikaje ziwani kwetu? Padre William Percival Johnson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1854, alifika Unguja mwaka 1876 pamoja na Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA. Mwaka 1882 alikuwa Ziwa Nyasa pamoja na mwenzake, Charles Janson. Janson alifia huko mwaka ule ule, na meli ya misheni iliyoanza kazi mwaka 1885 ikapewa jina lake. Tazameni ajabu ya majina: Jan ni Yohana vilevile. Wana wawili wa Yohana walifika ziwa moja kwa tahajia mbili! Johnson alitumikia mwambao huo kwa zaidi ya miaka arobaini, ingawa macho yake yaliharibika sana. Alifariki mwaka 1928, akazikwa Liuli, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Nyasa.

Haifai kudai kwamba kila Johnson wa kwetu ameitwa kwa ajili ya padre yule. Lakini ni dhahiri kwamba jina lilipofika huku liligeuka. Kwa Mwingereza lilikuwa jina la mwisho, la ukoo. Kwetu likawa jina la kwanza, la mtoto mwenyewe. Kisha likaanza safari ya kurudi nyuma. Tuchukue mfano. Johnson wa ukoo wa Komba anamzaa Petro, naye anaandikwa Petro Johnson Komba. Petro anamzaa Maria. Fomu ina nafasi tatu tu: jina lake, la baba na la babu. Maria anaandikwa Maria Petro Johnson. Komba limetoweka katika vizazi viwili, na hakuna aliyekaa akaamua litoweke.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye uzito. Wazee wetu nao walikutana na karani, wa kodi ya nyumba ya Wajerumani kuanzia mwaka 1898, na wa misheni. Lakini ukoo ulibaki midomoni mwa wazee, na ndio unaotuonyesha nani ni ndugu, nani ataolewa wapi, nani atasimama msibani. Cheti hakijui hayo. Kinajua kilichoandikwa tu, na anayetofautiana na cheti chake hupelekwa kula kiapo.

Kwa hiyo, wadogo zetu, kabla ya kujaza fomu ya mtihani, waulizeni wazazi na babu zenu: ukoo wetu ni upi, na unaandikwaje? Aitwaye Johnson asilionee haya. Ni jina la heshima lenye historia ndefu. Ila akumbuke kwamba linamtaja mwana wa John fulani wa Uingereza. Baba yake mwenyewe anatajwa na jina lililo karibu nalo, na hilo ndilo la kulinda lisifutwe.