Kutoka Ngozi hadi Mbavu za Mpira: Historia ya Mkanda wa Injini ya Gari

Katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, mkanda mmoja mrefu wa mpira huzunguka mbele ya injini ukijipinda kama nyoka baina ya puli kadhaa, na kwa mzunguko huo huendesha alternata inayozalisha umeme, pampu ya usukani, kompresa ya kiyoyozi na, katika injini nyingi, pampu inayosukuma maji ya kupoza. Mafundi wa Afrika Mashariki huuita mkanda wa feni, ingawa feni ya magari mengi ya sasa huendeshwa na mota yake ya umeme. Historia ya mkanda huu ni historia ya mzigo ulioongezeka hatua kwa hatua hadi ukaachiwa kifaa kimoja, na anayeielewa hutambua kwa nini mkanda uliokatika hautengenezwi kwa kununua mwingine tu.

Mkanda ulikuwamo ndani ya gari tangu mwanzo. Gari la magurudumu matatu ambalo Carl Benz alilipatia hataza nchini Ujerumani mwaka 1886 lilitumia mkanda kupeleka nguvu ya injini kwenye mhimili wa kati, kisha minyororo ikaifikisha kwenye magurudumu. Mikanda bapa ya ngozi, iliyokuwa ikiendesha mitambo ya viwanda vya enzi hiyo, ilikauka kwa joto, ikalegea kwa unyevu na kuteleza kila mzigo ulipozidi. Mwaka 1917, katika jiji la Denver nchini Marekani, John Gates, ambaye kaka yake Charles alikuwa amenunua kampuni ndogo ya bidhaa za ngozi mwaka 1911, alibuni mkanda wa mpira na nyuzi wenye umbo la herufi V, ambao ulijibana wenyewe ndani ya mfereji wa puli kadiri ulivyovutwa, na hivyo ukashika bila kukazwa kupita kiasi.

Kwa miongo kadhaa mkanda wa V ulitosha, kwa kuwa kazi yake kuu ilikuwa kuzungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Mambo yalibadilika pale starehe za abiria zilipoanza kudai nguvu ya injini. Kampuni ya Packard iliweka kiyoyozi katika magari yake ya mwaka 1940, na kwa kuwa kompresa yake haikuwa na klachi ya kuitenga, njia pekee ya kuizima kabisa ilikuwa kuuvua mkanda. Chrysler ilileta usukani unaosaidiwa na pampu mwaka 1951, kisha alternata badala ya dainamo mwaka 1960. Kila kifaa kilidai mkanda wake, hata baadhi ya injini zikawa na mikanda mitatu au minne iliyopangwa kwa safu, na fundi aliyetaka kubadilisha wa ndani alilazimika kwanza kuivua yote ya nje.

Jim Vance, mhandisi wa kampuni hiyo ya ndugu Gates, alipendekeza mkanda mmoja mpana usio mnene, wenye mbavu nyembamba zinazoingia katika mifereji ya puli, na ambao kwa wembamba wake uliweza kujipinda pande zote mbili na kuendesha puli nyingine kwa mgongo wake. Ford iliutumia katika Mustang ya mwaka 1979. Pamoja nao kilikuja kikaza mkanda, yaani mkono wenye springi na puli unaousukuma mkanda wakati wote, ili ukaze wake usitegemee tena kipimo cha mkono wa fundi. Injini ikawa fupi na nguvu iliyopotea ikapungua, lakini hatari iliyokuwa imegawanywa kwa mikanda kadhaa ikakusanywa mahali pamoja.

Afrika Mashariki iliufahamu mkanda wa kale kwa muda mrefu zaidi. Volkswagen ya injini ya nyuma, iliyopozwa kwa hewa, ilikuwa na mkanda mmoja wa V wa dainamo na feni, uliokazwa kwa kuondoa washa baina ya nusu mbili za puli, kazi ambayo dereva aliweza kuifanya kando ya barabara kwa spana chache. Mnamo mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na katika miaka iliyofuata magari yaliyotumika nchini Japani, ambako usukani uko kulia kama huku, yakaanza kumiminika katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kenya iliweka kikomo cha umri wa miaka minane kwa magari hayo, lakini hata gari la miaka minane hufika na mkanda ambao historia yake haijulikani. Biashara ya spea ikakua Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, na muuzaji akajifunza kusoma namba ya mkanda: 6PK1550 humaanisha mbavu sita za kipimo cha PK na urefu wa milimita 1550.

Hata utambuzi wa uchakavu una historia yake. Mikanda ya awali ya mbavu ilitengenezwa kwa neoprini, mpira wa kiwandani uliovumbuliwa katika kampuni ya DuPont mwaka 1930, nao ulipozeeka ulipasuka nyufa zilizoonekana kwa macho. Kuelekea mwaka 2000 watengenezaji walianza kuhamia kwenye mpira wa EPDM, ambao hauonyeshi nyufa mapema bali huliwa taratibu kama tairi, mifereji yake ikapanuka na mkanda ukateleza huku ukionekana mzima. Fundi anayetafuta nyufa peke yake huupitisha mkanda uliokwisha.

Mkanda ukikatika njiani, taa ya betri huwaka, usukani wenye pampu huwa mzito, na pale pampu ya maji inapoutegemea, joto hupanda ndani ya dakika chache. Dereva anayeendelea kuendesha huhatarisha gasketi na kichwa cha injini, hasara inayozidi mara nyingi bei ya mkanda. Kabla ya kufunga mpya, mafundi makini huzima injini, hutenga waya hasi wa betri, kisha huzungusha kila puli kwa mkono wakisikiliza beringi inayokwaruza au kugoma, hutazama kama puli zimenyooka katika mstari mmoja, huchunguza uvujaji wa oili na nguvu ya springi ya kikaza. Ndipo mkanda mpya hulinganishwa na wa zamani kwa urefu na idadi ya mbavu, hupitishwa kwa kufuata mchoro wa injini, na kila ubavu huhakikishwa umekaa katika mfereji wake kabla injini haijawashwa.

Mkanda hukatika mara nyingi kwa sababu ya kifaa kingine kilichoanza kufa kabla yake. Kwa hiyo mwenye gari lililotumika amtake fundi ataje kwanza kilichoukata, kisha ndipo alipie mkanda mpya.